Mahali Alipofia Praygod

"Hiyo si herufi, shemeji. Hiyo ni L iliyochanjwa chale," Revelian alisema, akaisukuma karatasi mpaka ukingoni mwa meza. "Na hii e imeota mkia. Msalaba wa mtoto wetu hauwezi kuandikwa madudu ya namna hii."

Tekla aliirudisha karatasi katikati ya meza, akaiwekea glasi juu isipeperushwe na feni.

Walikuwa wakibishana tangu saa nne asubuhi, na sasa saa saba ilikuwa inabisha hodi. Nje, chini ya turubai, wanawake wa jumuiya walichagua mchele na kujifanya hawasikii. Mazishi ya Praygod, mwana wa Tekla, yalikuwa kesho, huko Kimbiji, kwenye shamba alikozikwa baba wa marehemu. Msalaba ulikuwa Mwenge kwa fundi. Ulishachongwa na kupigwa msasa, ukabaki kuandikwa tu, na fundi alikuwa amepiga simu mara mbili kusema kwamba maneno yasipofika kabla ya saa tisa, vanishi haitakauka na watu watauchomeka kaburini ukiwa unanata.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja. Jina halikuwa na shida, wala tarehe. Kilichobaki ni mahali alipofia. Revelian alitaka iandikwe Warsaw, Poland, vile Waingereza wanavyoandika na atlasi zinavyoandika. Tekla alitaka iandikwe Łężowice, jina lililokuwa kwenye cheti cha kifo, herufi kwa herufi, na chale zake na mikia yake yote.

Revelian alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Tekla. Alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu, akajenga Mbweni, akawa mzee wa kanisa. Mtu aliyezoea kuongea huku wenzake wakiandika. Alieleza, kwa subira ya anayemfundisha mtoto mzito, kwamba Kiingereza hakina herufi hizo. Alisema hata Wapolandi wenyewe mji wao mkuu huuita vingine wakiwa nyumbani, lakini wakiiandikia dunia huandika Warsaw na hawaoni aibu. Jina la mahali likivuka mpaka huvua viatu vyake, likavaa vya wenyeji. Hata kwetu, alisema, wakoloni waliandika majina ya milima na mito yetu walivyosikia wao, na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo.

"Wapo waliokufa," Tekla alisema.

Alikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu na miaka ishirini na tatu katika masjala ya halmashauri, na alichokijua kuhusu majina alikijua kwa vidole vyake. Akamkumbusha shemeji yake habari za mzee Mwinshehe wa Tandika. Karani mmoja aliyejiona msomi alimsahihishia mzee yule jina, akamwandika Mwinyishehe, na faili lake la kiwanja likaenda kukaa kabati la pili kwa miaka kumi na moja. Lilipoonekana, aliyekuja kulisainia alikuwa mjane wake. Kwa Tekla jina lilikuwa mahali pa kukitafutia kitu. Ukilibadilisha, umekificha.

Revelian akasema marehemu si faili la kiwanja.

Tekla akasema ndiyo maana hataki apotee.

"Sawa. Sasa nijibu hili," Revelian alisema, na safari hii aliteremsha sauti. "Ukiandika Warsaw, watu watasoma na kupita. Ukiandika hilo, kila mtu atasimama aulize hicho kijiji ni wapi, na mtoto wa chuo kikuu alifuata nini huko. Utawajibu nini?"

Hilo ndilo lililokuwa swali tangu saa nne, na wote wawili walilijua. Kabla Tekla hajajibu, Gladness aliingia na sinia la chai.

Gladness ndiye mtoto aliyebaki. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, macho yamevimba, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la mtu anayefanya kazi. Ndani ya kabati lake palikuwa na sanduku jipya la safari ambalo bado lina karatasi za nailoni. Alikuwa asafiri Jumamosi ya wiki ijayo, kwa wakala yule yule aliyempeleka kaka yake, mji ule ule, na vijana wengine watatu wa usharika wao. Baba yake mkubwa ndiye aliyewatambulisha wote wanne kwa wakala. Msiba ulipoingia, mtu mmoja aliuliza kama safari itaahirishwa, na Gladness akajibu kwamba Praygod mwenyewe asingependa.

Aliweka sinia mezani, akaitazama karatasi iliyo chini ya glasi.

"Mama, andika Warsaw yaishe," alisema. "Warsaw watu wanaijua. Hilo lingine hata mie siwezi kulitamka, na mie ndo naenda huko."

Akatoka. Tekla alibaki anautazama mlango. Na mie ndo naenda huko.

Miaka miwili nyuma Praygod aliondoka kwa shangwe. Mwezi wa pili akatuma picha moja, amesimama mbele ya geti kubwa la chuo, kavaa koti lililomzidi. Picha moja tu, lakini kwa watu wa usharika wao ilitosha. Revelian aliitisha ibada ya shukrani. Alitengenezesha fulana arobaini zenye picha ile na neno Warsaw kifuani, akasimama madhabahuni na kueleza idadi ya watu wa mji huo, mto unaopita katikati yake, na jinsi ulivyovunjwa na vita ukajengwa upya. Waumini walipiga makofi. Simu ilipigwa palepale, Praygod akaonekana kwenye skrini kubwa, akapunga mkono, akasema Bwana Yesu asifiwe. Kumbe geti lile halikuwa hata la chuo chake. Alikuwa amepita tu, akamwomba mpita njia ampige picha.

Hilo Tekla alilijua baadaye, siku ya Jumanne, akiwa ofisini. Ilikuwa miezi kumi na minne kabla ya msiba. Praygod alipiga simu saa tano asubuhi na kuongea kwa haraka kama anayesoma. Chuo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, na kilifungwa baada ya muhula mmoja. Mtu wa wakala aliwapakia kwenye basi, wakasafiri kwa saa nne mpaka kijiji chenye kiwanda cha kuchinja kuku. Pasipoti zao alizishika yeye. Kazi ilikuwa kwenye mkanda wa mashine unaopitisha kuku, ndani ya chumba cha baridi, saa kumi na mbili kwa siku, na walilala wanane chumba kimoja. Tekla alimuuliza kwa nini asirudi.

"Nirudi vipi na Ba'mkubwa ameshanivalisha watu arobaini?" alisema. "Mama, niahidi. Usimwambie mtu, hata Gladi. Waambie niko Warsaw."

Tekla alimwahidi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kulia kwenye simu ya ofisi, alimwambia avumilie miezi sita, kazi ni kazi, asirudi kinyonge. Miezi sita ikapita, ikaja mingine sita. Alipoulizwa kanisani alijibu Warsaw. Alipoulizwa sokoni alijibu Warsaw. Siri ya mwanawe aliitunza kama wanavyotunza faili lenye mhuri mwekundu: aliifungia, akaendelea na kazi nyingine.

Gladness alipoleta fomu za wakala nyumbani, Tekla alimtajia kozi ya uuguzi Temeke. Alimtajia baridi. Alimtajia gharama, na Revelian akasema atasaidia. Sababu yenyewe hakuitaja. Alijiambia viza itakataliwa, wengi hukataliwa. Viza ilitoka wiki ile ile ambayo Praygod alikutwa hajaamka kitandani mwake, kwenye bweni la kiwanda, baada ya kuunganisha zamu mbili bila kulala kati yake. Cheti kilisema moyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Jeneza lilifika juzi, na karatasi iliyobandikwa juu ilisema lisifunguliwe. Tekla alilifungua. Mhudumu wa chumba cha maiti alimsihi, Revelian alimsihi, na yeye aliomba bisibisi. Uso ulikuwa wa Praygod. Mikono hakuijua. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama matope yaliyokauka, na kidole cha shahada cha kushoto hakikuwa na ncha. Palikuwa na kovu lililokwisha kupona zamani. Hakuna chuo kinachokata watoto vidole. Revelian naye aliona. Alisema baridi ya kule ni kali sana, akageuka kutazama ukuta, na tangu hapo hakutaka mtu aikaribie karatasi ya cheti.

Kwa hiyo walikuwa wawili waliojua, kila mmoja kivyake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Saa nane kasoro robo fundi alipiga simu ya tatu. Revelian alichukua funguo za gari na kusema wataamulia hukohuko. Alimwita Gladness aje, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Tekla alichukua cheti, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya sidiria. Kutoka Mtoni Kijichi mpaka Mwenge alisikika Revelian tu, akimlaani dereva wa bodaboda.

Fundi aliitwa Khalfani, mzee mfupi mwenye vumbi la mninga kwenye nyusi. Maisha yake yote alichonga vinyago vya watalii, na kwa miaka ya karibuni misalaba, maana watalii huja na kuacha kuja, lakini watu hawaachi kufa. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Kisarawe na hakuona tatizo. Mti ni mti. Aliwapa pole, akawapa viti vya miguu mitatu, akaulaza msalaba juu ya magunia mawili ya pumba za mbao.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu. Maneno ya msalaba hakuyapokea kwa simu, wala kwa kuambiwa, wala kwenye kipande cha karatasi. Mfiwa mwenyewe alishika penseli akaandika juu ya mti, kisha patasi ikapita palepale penseli ilipopita. Alianza hivyo baada ya familia moja ya Kinondoni kumshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba amemzidishia marehemu wao miaka kumi. Tangu siku hiyo, aliyekosea alikuwa amekosea mwenyewe, kwa mkono wake.

"Nani anaandika?" Khalfani aliuliza.

Revelian alichukua penseli, akamkabidhi Gladness. "Andika, mwanangu. Andika kama tulivyosema. Mama yako amechoka."

Gladness alipiga magoti kwenye vumbi. Aliandika jina la kaka yake kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaandika tarehe mbili, akasimama kidogo kujifuta pua na mgongo wa mkono. Kisha akaanza mstari wa mwisho. Aliandika Alifia. Akaacha nafasi. Akaandika W.

Tekla alimshika kifundo cha mkono.

Palikuwa na ubaridi kwenye kifundo kile, na mfupa mwembamba, na Tekla aliwaza mkanda unaopitisha kuku bila kusimama, na huyu amesimama mbele yake kwa saa kumi na mbili.

"Kaka yako hakufia Warsaw," alisema. "Hakuwa anasoma. Chuo kilifungwa muhula wa kwanza. Wakala alimpeleka kiwandani, akawa anachinja kuku mpaka siku aliyokufa. Huko ndiko unakokwenda."

"Shemeji," Revelian alisema. "Mbele ya fundi."

Khalfani alikuwa ameshainuka, amewapa mgongo, anatafuta patasi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Gladness hakulia. Alimtazama baba yake mkubwa, akaona jinsi anavyoitazama barabara, akajua hilo halikuwa jipya kwake. Kisha akamgeukia mama yake.

"Cheti kimekwambia yote hayo?"

"Hapana. Aliniambia mwenyewe."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu. Aliniomba nisimwambie mtu. Niliahidi, na ahadi yenyewe naivunja sasa hivi."

Gladness alihesabu. Ilionekana usoni mwake akihesabu.

"Fomu zangu nilijazia mezani kwako," alisema. "Kalamu yangu iliisha wino. Ukanipa yako."

"Ndiyo."

"Ungeniacha nipande ndege."

Tekla alikuwa na majibu mengi aliyoyatengeneza tangu juzi, na yote yalikuwa mazuri. Hakutumia hata moja.

"Nilikuwa nasubiri kitu kingine kikuzuie," alisema. "Nisiwe mimi. Nilimwambia avumilie, Gladi. Aliponipigia, nilimwambia asirudi kinyonge. Kukwambia wewe usiende kungekuwa kukiri hilo."

Aliunyosha mkono kumshika bega. Gladness alilisogeza bega.

"Siendi," alisema. "Lakini usinishike."

Alimwachia mama yake penseli juu ya mti, akainuka, akaenda kukaa mbali, juu ya gogo ambalo halijachongwa, akawapa mgongo. Alikunja mikono kifuani kama mtu aliyeshikwa na baridi, ingawa jua la Mwenge lilikuwa linachoma lami.

Revelian aliona upenyo, akautumia. Basi, alisema, mtoto ameshaambiwa na haendi, jambo limekwisha ndani ya familia. Hakuna tena sababu ya kumwaibisha marehemu mbele ya watu. Iandikwe Warsaw, azikwe kwa heshima. Alisema hivyo kwa upole, na alikuwa karibu na machozi. Alimpenda Praygod, hilo hakuna aliyelikana.

"Na wale watatu?" Tekla aliuliza.

Revelian alizungusha funguo za gari mkononi.

"Mtoto wa Lusungu. Isack. Na yule binti wa mwalimu wa kwaya. Wana tiketi za Jumamosi hiyohiyo."

"Nitaongea na wazazi wao. Taratibu. Baada ya arobaini."

"Baada ya arobaini watakuwa wameshanyang'anywa pasipoti."

"Unajua watasema nini juu yangu, Tekla?" Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Mimi ndiye niliyewapeleka. Nilisimama madhabahuni. Nikafundisha na mto unakopita."

"Na mimi niliulizwa sokoni nikajibu Warsaw. Tutasemwa wote."

"Hata ukiliandika, hawatalijua ni nini. Hakuna atakayeweza kulisoma."

"Wataniuliza. Umesema mwenyewe kila mtu atauliza. Nitasimama hapohapo kaburini niwaambie, mmoja mmoja, na atakayetaka kuhakikisha, jina analo, akalitafute. Ukiwapa Warsaw utawapa nini? Mto?"

Alitoa cheti kifuani, akakikunjua, akakiweka juu ya mkono wa msalaba na kukizuia kwa kipande cha mti. Akapiga magoti pale alipopiga binti yake. Ile W aliifuta kwa msasa mpaka mti ukarudi mweupe, akapuliza vumbi. Aliandika polepole, akitazama cheti, akitazama mti, kama alivyonakili namba za mafaili ya watu kwa miaka ishirini na tatu. Hakuwa na mwandiko mzuri kama wa Gladness. Alipomaliza jina la kijiji aliandika Poland, akaweka mkato, akaongeza neno moja ambalo lisingemshinda mtu yeyote wa usharika ule: kazini.

Revelian alilisoma neno hilo. Alimwambia Khalfani asubiri kwanza, asianze, familia haijakubaliana.

Khalfani alimtazama, akautazama mstari wa penseli.

"Mzee, mie kusoma sijui sana," alisema. "Nafuata penseli tu. Sasa mama, huu mti unatikisika, nahitaji mtu aushike."

Revelian hakusogea. Gladness, pale gogoni, hakugeuka. Tekla aliukumbatia msalaba kwa mikono yote miwili, akaukandamiza kwa kifua kwenye magunia, akamwambia fundi aanzie mstari wa mwisho, yale mengine yatafuata. Khalfani aliweka ncha ya patasi kwenye ile L yenye chale, akainua nyundo ya mti, akapiga.